Namna ya Kusoma Iliad na Mahabharata kwa Pamoja: Mwongozo kwa Vikundi vya Wasomaji Kisumu na Magharibi mwa Kenya

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya walimu, wanafunzi wa vyuo na marafiki wa Kisumu, Kakamega, Nakuru na miji ya jirani wanaotaka kukutana na kusoma tenzi mbili kuu za vita za ulimwengu wa kale, Iliad ya Wagiriki na Mahabharata ya Wahindi. Ushauri wangu ni kwamba zisomwe sambamba, sehemu ya hii kando ya sehemu ya ile, kwa sababu zote mbili zinauliza swali moja na kulijibu kwa namna zinazopingana. Swali lenyewe ni hili: kwa nini mtu mwenye akili timamu aende vitani huku akijua kwamba ataua na huenda akauawa? Shujaa wa Iliad anajibu kwamba anapigana kwa sababu siku moja lazima afe. Katika Mahabharata, mungu Krishna anamwambia mpiganaji Arjuna apigane kwa sababu kile kilicho ndani ya mtu hakifi kamwe. Kikundi kitakachoanza na tofauti hiyo kitakuwa na jambo la kujadili kuanzia kikao cha kwanza hadi cha mwisho.

Kuchagua cha kusoma

Msijaribu kuzisoma nzima. Iliad ina vitabu 24 na mistari zaidi ya 15,000, nayo inaweza kumalizwa na mtu mwenye bidii. Lakini Mahabharata ina vitabu 18 na, kwa hesabu ya mapokeo, beti zipatazo 100,000. Wataalamu wa Pune walioanza kulinganisha nakala zake za mkono mnamo 1919 walikamilisha kazi hiyo mwaka 1966. Kikundi kinachoanza ukurasa wa kwanza kwa nia ya kufika wa mwisho kitavunjika kabla ya vita vyenyewe kuanza.

Katika Iliad, chagueni vitabu vya 1, 6, 9, 16, 18, 22 na 24, na kutoka kitabu cha 12 msome hotuba ya Sarpedon peke yake. Katika Mahabharata, chagueni mchezo wa kete katika kitabu cha 2, ujumbe wa amani wa Krishna katika cha 5, Bhagavad Gita (mazungumzo ya Krishna na Arjuna kabla ya vita) iliyomo katika cha 6, kifo cha Drona katika cha 7, shambulio la usiku katika cha 10, na maombolezo ya wanawake katika cha 11. Tafsiri za Kiingereza ambazo haki zake za uchapishaji zimekwisha zinapatikana bure kwenye intaneti: ya Kisari Mohan Ganguli kwa Mahabharata nzima, iliyotolewa kati ya 1883 na 1896, na ya Samuel Butler kwa Iliad, ya mwaka 1898. Zote mbili ni za nathari. Pakueni sura mnazozihitaji mahali penye mtandao wa bure, kisha mpige fotokopi zile mtakazozisoma kwa sauti, maana si kila mwanachama ana simu ya kutosha wala kifurushi cha data.

Kwa kuwa matini ni ya Kiingereza na mazungumzo yatakuwa ya Kiswahili, kila kikao kipewe msimulizi mmoja ambaye atasimulia sehemu iliyopangwa kwa Kiswahili chake mwenyewe, bila kushika karatasi, kabla ya wengine kusoma. Jambo hili si la kupunguza ugumu tu. Tenzi zote mbili zilianza midomoni mwa waimbaji, na Mahabharata inajieleza hivyo hivyo, kwani ndani yake msimulizi mmoja anasimulia alichomsikia mwingine akisimulia mbele ya mfalme. Aliyekulia mahali ambapo bibi aliwatolea watoto sigana jioni, au aliyewahi kumsikiliza mpiga nyatiti, ala ya nyuzi ya Wajaluo, akizitaja nasaba za watu msibani, atauelewa ufundi huu upesi kuliko yule aliyezoea vitabu pekee. Atajua, kwa mfano, kwamba sifa zinazorudiwa kila jina la mtu linapotajwa zinampa mwimbaji nafasi ya kufikiria mstari unaofuata.

Kuhusu umbo la shairi, kuna jambo litakalowafurahisha wapenzi wa tenzi za Kiswahili. Sehemu kubwa ya Mahabharata imetungwa kwa ubeti unaoitwa shloka, wenye vipande vinne vya mizani nane, yaani mizani 32 kwa jumla. Hesabu hiyo ndiyo ya ubeti wa kawaida wa utenzi wetu. Shloka haina vina vya mwisho kama tulivyozoea, lakini pumzi yake ni ile ile. Mwanachama anayejua kutunga ajaribu kugeuza beti kumi za Gita ziwe beti za utenzi, na kikundi kizisikilize zikighaniwa. Mstari wa Homer, anayetajwa kuwa mtunzi wa Iliad, ni kitu kingine: unapimwa kwa silabi nzito na nyepesi zilizopangwa katika hatua sita, na Kiswahili hakina njia rahisi ya kuuiga.

Kuanza na shujaa anayekataa kupigana

Kikao cha kwanza kisianze na mapigano. Kianze na watu wawili wanaoweka silaha chini.

Katika kitabu cha 1 cha Iliad, Agamemnon, jemadari mkuu wa Wagiriki, analazimika kumrudisha mateka wake wa kike kwa baba yake aliye kuhani, na kwa hasira anamnyang'anya Achilles mateka aitwaye Briseis. Achilles anajitenga na jeshi. Hasusi kwa sababu vita ni vibaya. Anasusa kwa sababu amevunjiwa heshima mbele ya watu, na kwa Wagiriki wale heshima ilipimwa kwa zawadi ambazo jeshi lilimgawia mtu hadharani. Hata hivyo, anapofuatwa na wajumbe katika kitabu cha 9, mawazo yake yamekwenda mbali zaidi ya kosa alilotendewa. Anawaambia kwamba amepewa njia mbili: akibaki kuuzingira mji wa Troy atakufa mapema lakini sifa yake itadumu milele, na akirudi nyumbani ataishi maisha marefu yasiyo na sifa. Anaongeza kwamba ng'ombe na kondoo huweza kutekwa tena, lakini uhai wa mtu ukishatoka kinywani haurudishwi kwa zawadi yoyote. Someni hotuba hiyo polepole, kwa sababu ndani yake shujaa mkuu kuliko wote anatilia shaka biashara nzima ya ushujaa.

Arjuna, kwa upande wake, anamwomba Krishna, mwendeshaji wa gari lake la vita, alisimamishe katikati ya majeshi mawili kwenye uwanja wa Kurukshetra. Anatazama pande zote na kuona walimu wake, wajomba, binamu na wana wa ndugu zake. Miguu na mikono inamlegea, kinywa kinamkauka, upinde unamteleza mkononi. Hoja yake si ya woga. Anasema kwamba ukoo ukiangamizwa, desturi zinazoushikilia ukoo huo nazo huangamia, na kwamba hataki ufalme uliopatikana kwa kuwaua wale ambao angetaka kuufurahia pamoja nao. Katika jamii zetu za magharibi mwa Kenya, ambako ukoo bado ndio unaomzika mtu na kumpa ardhi, hoja hiyo haihitaji maelezo marefu.

Sasa wekeni majibu mawili kando kwa kando. Katika kitabu cha 12, Sarpedon, mfalme wa Lycia na mwana wa Zeus, anamwambia rafiki yake Glaucus kwamba lau kuviepuka vita hivi kungewafanya waishi milele bila kuzeeka, yeye asingepigana mstari wa mbele wala asingemhimiza mwenzake apigane. Lakini kwa kuwa mauti yamewazunguka kwa maelfu na hakuna awezaye kuyakimbia, basi na waende, ama wampe mtu sifa ama wao waipate. Katika sura ya pili ya Gita, Krishna anasema kinyume chake: nafsi haizaliwi wala haifi, haikatwi na silaha wala kuchomwa na moto, na huuacha mwili kama mtu anavyovua nguo iliyochakaa, kwa hiyo anayedhani ameua na anayedhani ameuawa wote hawajajua. Kisha anaongeza hoja nyingine, kwamba Arjuna ni mtu wa tabaka la wapiganaji na vita vya haki ni wajibu wake, na kwamba mtu ana haki juu ya tendo lake lakini hana haki juu ya matunda ya tendo hilo.

Hapa kikundi kikae. Kitengewe vikao viwili vizima ikibidi. Waulizeni wanachama ni hoja gani kati ya hizo ingewafaa wao, na ni hoja gani ingekuwa ya hatari zaidi mdomoni mwa kiongozi anayetaka vijana wamfuate. Msiipokee Gita kana kwamba ina maana moja tu. Bal Gangadhar Tilak, mpigania uhuru wa India aliyeandika ufafanuzi wake akiwa kifungoni Mandalay na kuuchapisha mwaka 1915, aliona ndani yake wito wa kutenda duniani. Mohandas Gandhi aliusoma uwanja wa Kurukshetra kama vita vilivyomo moyoni mwa kila mtu. Walikisoma kitabu kilekile. Maoni yangu mimi ni kwamba hoja ya Arjuna katika sura ya kwanza haijibiwi yote, na kwamba watunzi wa Mahabharata walilijua hilo, ndiyo maana waliendelea kusimulia hadi kwenye maiti.

Kufuatilia sheria zinavyovunjwa

Kabla ya vita vya Kurukshetra pande mbili zinakubaliana masharti: kupigana kusimame jua likitua, wa gari apigane na wa gari, asishambuliwe aliyetupa silaha wala anayekimbia. Mwanachama mmoja apewe daftari na aandike kila sharti linapovunjwa na ni nani aliyelivunja. Atagundua kwamba upande ulio na haki, wa akina Pandava, yaani Arjuna na ndugu zake, unavunja mengi. Drona, mwalimu wao, anashushwa silaha kwa uongo nusu: Yudhishthira, kaka wa Arjuna asiyesema uongo, anamthibitishia kwamba Ashwatthama amekufa, akijua kuwa aliyekufa ni tembo mwenye jina la mwana wa Drona. Karna, mpiganaji wa upande wa pili, anauawa gurudumu la gari lake likiwa limezama ardhini. Duryodhana, kiongozi wa upande huo na binamu wa Pandava, anapigwa chini ya kiuno kwa rungu. Ndipo Ashwatthama mwenyewe anapolipiza kisasi kwa kuwachinja watu usingizini.

Katika Iliad hakuna mapatano ya namna hiyo, lakini kuna ugeni, yaani kifungo cha heshima kati ya mgeni na mwenyeji wake. Glaucus na Diomedes, maadui, wanagundua katikati ya mapambano kwamba babu wa Diomedes aliwahi kumkaribisha babu wa Glaucus nyumbani kwake, nao wanabadilishana silaha na kuachana kwa amani. Kinyume chake ni kitabu cha 22, ambapo Hector, shujaa wa Troy, anamwomba Achilles wakubaliane kwamba atakayeshinda ataurudisha mwili wa mwenzake. Achilles anakataa akisema kwamba hakuna kiapo kati ya simba na watu.

Tahadhari moja kwa wasomaji wa Kisumu: wengi watamlinganisha Achilles na Lwanda Magere wa uwanda wa Kano, ambaye mwili wake ulikuwa wa jiwe na uhai wake ulikuwa kivulini. Ulinganisho ni mzuri, lakini kisigino cha Achilles hakimo katika Iliad. Ni hadithi ya baadaye, na kifo chenyewe cha Achilles hakisimuliwi humo. Anayemfanana Magere zaidi kwa mwili ni Karna, aliyezaliwa akiwa na deraya mwilini na kuitoa mwenyewe alipoombwa.

Sauti za wanawake

Wapo wasomaji wanaozipita sehemu za wanawake ili wafikie mapigano, na hao hupoteza nusu ya falsafa iliyomo. Katika mchezo wa kete, Yudhishthira anapoteza mali, ndugu zake, kisha nafsi yake, na mwishowe anamweka rehani mkewe Draupadi. Anapoburutwa hadi barazani, Draupadi anauliza swali la kisheria: je, mume wangu alijipoteza yeye kwanza kabla ya kuniweka mimi? Ikiwa ndivyo, mtu asiyejimiliki anamwekaje mwingine rehani? Bhishma, mzee mwenye hekima kuliko wote, anasema njia ya dharma, yaani haki na wajibu, ni nyembamba na hana jibu la uhakika. Kati ya ndugu wa Duryodhana, mdogo wake Vikarna peke yake anasimama kumtetea. Mwenyekiti wa kikao awaombe wanachama walitolee swali hilo hukumu, kila mmoja na sababu zake, kabla ya kusoma linavyomalizika.

Katika Iliad, mpeni Andromache, mke wa Hector, nafasi kama hiyo. Katika kitabu cha 6 anamshauri Hector jinsi ya kupanga jeshi karibu na mtini, mahali ambapo ukuta ni rahisi kupandwa, naye Hector anamrudisha kwenye kazi ya kufuma. Ushauri wake ulikuwa wa maana.

Kuwaleta wanafalsafa

Sehemu hii iwe fupi. Inatosha kusoma Utetezi wa Socrates ulioandikwa na Plato, kwa kuwa Socrates alikuwa askari aliyepigana Potidaea, Delium na Amphipolis. Mbele ya mahakama ya Athens mwaka 399 KK anasema kwamba hakuyaacha maeneo aliyopangiwa na makamanda wake, hivyo hawezi kuliacha lile alilopangiwa na mungu, na anamtaja Achilles kama mfano wa mtu aliyedharau mauti. Ujasiri wa vitani unahamishwa kwenye mjadala. Hata hivyo Plato huyo huyo, katika kitabu chake kiitwacho Jamhuri, anataka mistari inayoonyesha mashujaa wakilia na kuogopa kuzimu ifutwe. Waulizeni wanachama kama wangekubali.

Mahali walimwengu hawa wawili walipokutana kweli

Mtu atauliza nani alimwiga nani. Kufanana hakuthibitishi kuigana, na majadiliano ya namna hiyo hula muda. Yapo makutano yaliyothibitishwa, nayo ni bora zaidi. Alexander Mkuu wa Makedonia alipigana na mfalme wa Kihindi Porus kwenye mto Hydaspes, yaani Jhelum, mwaka 326 KK. Seleucus, aliyerithi sehemu za mashariki za milki yake, alifanya mkataba na mfalme wa India Chandragupta Maurya na kupewa tembo 500 wa vita. Mjukuu wa Chandragupta ndiye Ashoka, na amri zake zilizochongwa kwenye miamba zinastahili kikao kizima.

Katika amri ya 13, Ashoka anaeleza kwamba miaka minane baada ya kutawazwa aliishinda Kalinga, nchi ya mashariki mwa India, watu 150,000 wakahamishwa, 100,000 wakauawa na wengine wengi mara kadhaa wakafa, naye akajuta. Tafsiri ya Kigiriki ya sehemu ya amri hiyo imepatikana Kandahar, Afghanistan, kwa hiyo walikuwapo watu wa lugha ya Homer waliosoma majuto ya mfalme wa India aliyeshinda. Lakini huko Kalinga kwenyewe, kwenye miamba ya Dhauli na Jaugada, amri ya 13 haikuchongwa. Mahali pake pamewekwa nyingine. Kikundi kijadili ni kwa nini mfalme aseme majuto yake kila mahali isipokuwa kwa wale aliowatenda.

Kuendesha vikao

Watu wanane wanatosha. Wakizidi kumi, wawili watatawala mazungumzo. Kisumu ina wakazi wenye asili ya India tangu reli ilipofika ziwani mwaka 1901, na mwaka 2017 serikali iliitambua jamii hiyo kuwa kabila la 44 la Kenya. Kwa hiyo mwalikeni mzee wa jamii ya Kihindu, kwa barua na kwa adabu, awaeleze jinsi Gita inavyosomwa nyumbani kwake. Mkialikwa hekaluni, vueni viatu, na kumbukeni kwamba kwa mwenyeji wenu Krishna si mhusika wa hadithi.

Mwenyekiti ajiandae pia kwa jambo zito zaidi. Kusoma habari za majirani na binamu wanaogeukana kutawakumbusha wengine miezi ya kwanza ya 2008, ambapo zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini na Kisumu na Nakuru zikawa miongoni mwa miji iliyoumia. Kila mtu awe huru kusema au kunyamaza, mazungumzo yasihesabu makosa ya kabila hili au lile, na mwenyekiti awe na ruhusa ya kurudisha kikao kwenye matini.

Kikao cha mwisho kisome kitabu cha 24 cha Iliad pamoja na kitabu cha wanawake cha Mahabharata, kwa sauti, kwa kupokezana. Priam, mfalme wa Troy na baba wa Hector, anaingia usiku kambini mwa adui na kuibusu mikono ya Achilles iliyowaua wanawe. Achilles anamkumbuka baba yake, wanalia wote, wanakula, na vita vinasimamishwa siku 11 ili Hector azikwe. Dhritarashtra, mfalme kipofu na baba wa Duryodhana, aliyepoteza wana 100, anaomba kumkumbatia Bhima, yule Pandava aliyewaua, lakini Krishna anamsogezea sanamu ya chuma, na mzee anaiponda kifuani mwake. Gandhari, mkewe, anawaona kwa jicho la rohoni wajane wakitafuta vichwa vya waume zao uwanjani, kisha anamlaani Krishna kwamba baada ya miaka 36 ukoo wake nao utajiangamiza wenyewe. Ni hapo tu Pandava wanapojua kwamba Karna alikuwa kaka yao mkubwa, maana Kunti mama yao alikuwa amelificha jambo hilo. Anayejua jinsi tero buru inavyoendeshwa katika mazishi ya wazee wa Kijaluo, wanaume wakiyafukuza mauti kwa ng'ombe na mikuki, aeleze, na wengine wasome michezo ya mazishi ya Patroclus, rafiki wa Achilles, katika kitabu cha 23 ili walinganishe.

Kwa watakaotaka kuendelea muhula unaofuata, naomba waanze na mazungumzo ya Wamelos katika kitabu cha 5 cha mwanahistoria Thucydides wa Athens, ambako wajumbe wa Athens mwaka 416 KK wanakiambia kisiwa kidogo kwamba haki huzungumzwa kati ya walio sawa kwa nguvu. Kando yake wasome sura za Arthashastra, kitabu cha kale cha Kihindi cha utawala, kuhusu duara la wafalme, zinazofundisha kwamba jirani ni adui na jirani wa jirani ni rafiki, na wachore duara hilo kwenye karatasi kubwa kabla ya kuanza kuzungumza.